Ndumakuwili na majirani zake: Kwa nini viumbe wa chini ya ardhi huzaliana mvua zinapoanza

KILA mwaka mvua za kwanza zinapoanza kunyesha, mkulima anayeingia shambani na jembe lake hukutana na viumbe ambao hakuwaona kwa miezi mingi. Mmoja wao ni kiumbe mwembamba, anayeng'aa, asiye na miguu, ambaye si rahisi kutambua kichwa chake kiko wapi na mkia wake uko wapi. Wengi humwita ndumakuwili au ndumilakuwili, yaani nyoka anayeuma kwa pande zote mbili. Mara nyingi hukumu yake hutolewa papo hapo, nayo ni kukatwa vipande kwa jembe.

Jina hilo limezama katika lugha yetu kiasi kwamba sasa hutumika zaidi kwa binadamu kuliko kwa mnyama. Mtu mnafiki, mwenye kauli moja huku na nyingine kule, ndiye ndumilakuwili. Hata hivyo, kiumbe mwenyewe hana vichwa viwili, na wengi wa wanaobandikwa jina hilo hawana sumu kabisa.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba kuonekana kwake katika siku hizo si bahati tu. Yuko katika kipindi muhimu kuliko vyote katika maisha yake, kipindi cha kutafuta mwenzi, kutaga na kuacha kizazi. Kwa bahati mbaya, kipindi hicho ndicho pia cha sisi kulima.

Makala haya yanaeleza jinsi watambaazi hao wanavyopanga uzazi wao, kwa nini wanafuata mvua badala ya jua, na mambo ambayo mkulima anapaswa kuyajua kabla ya kuinua jembe.

Ni viumbe gani hao?

Chini ya ardhi ya Afrika Mashariki wanaishi watambaazi wa makundi kadhaa ambao hawana undugu wa karibu, ila wamefanana kwa sababu ya kuishi maisha ya aina moja.

Kundi la kwanza ni la nyoka vipofu. Duniani kote zinajulikana aina zaidi ya 400 za nyoka hao, pamoja na ndugu zao wembamba mno ambao tunaweza kuwaita nyoka-uzi. Macho yao ni vidoa tu vilivyofunikwa na magamba, mdomo ni mdogo na uko upande wa chini wa kichwa, na mkia ni mfupi na butu. Chakula chao ni mchwa na sisimizi, hasa mayai na mabuu. Hawana sumu, na midomo yao haiwezi kumdhuru mtu.

Kundi la pili ni la watambaazi ambao wataalamu huwaita amfisbena. Hao si nyoka wala si minyoo, bali ni jamaa wa mijusi waliopoteza miguu. Ngozi yao imepangwa kwa pete kama ya mnyoo, na wanaweza kutambaa mbele na nyuma kwa urahisi. Neno amfisbena limetoka katika Kigiriki, nalo lina maana ya kwenda pande zote mbili. Kwa hiyo Wagiriki wa kale na Waswahili, bila ya kushauriana, waliwaza jambo lile lile.

Baadhi ya amfisbena wamefungamana moja kwa moja na ardhi yetu. Geocalamus acutus alielezwa kisayansi mwaka 1912 kwa kielelezo kilichotoka Voi, nchini Kenya. Ndugu yake, Geocalamus modestus, alielezwa mwaka 1880 kutoka Mpwapwa, nchini Tanzania. Aina nyingine, Loveridgea ionidesii, ilipewa jina la C.J.P. Ionides, Mwingereza aliyekuwa ofisa wa wanyamapori kusini mwa Tanganyika na aliyesifika kwa kukamata nyoka.

Mbali ya hao wapo guruguru, mijusi wasio na miguu, nyoka wafupi wanene wa mchangani na nyoka wa jamii ya Atractaspis. Hao wa mwisho wana sumu, nasi tutawarejea baadaye.

Saa isiyotegemea jua

Katika nchi za baridi, wanyama wengi hujua wakati wa kuzaliana kwa urefu wa mchana. Mjini London, mchana mrefu kuliko yote katika mwaka huuzidi mfupi kuliko yote kwa zaidi ya saa nane. Mabadiliko hayo huamsha homoni mwilini, na mnyama hujiandaa.

Kwetu hali ni tofauti. Mjini Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi kabisa haifiki saa moja. Hata kama tofauti hiyo ingekuwa kubwa, kiumbe anayeishi gizani, ambaye macho yake yamefunikwa na magamba, asingenufaika nayo.

Joto nalo si kalenda nzuri huko chini. Kadiri unavyozidi kuchimba, ndivyo mabadiliko ya joto yanavyopungua. Katika kina cha nusu mita hivi, usiku na mchana havitofautiani sana.

Kutokana na hali hiyo, mtu anaweza kudhani kwamba watambaazi wa nchi za joto huzaliana mwaka mzima. Dhana hiyo si ya kupuuzwa, kwa sababu mahali pengine ndivyo ilivyo. Mwaka 1966, watafiti Robert Inger na Bernard Greenberg walichapisha uchunguzi wao kuhusu mijusi wa msitu wa mvua wa Sarawak, katika kisiwa cha Borneo, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Waliona kwamba mijusi hao walizaliana katika miezi yote.

Afrika Mashariki, hata hivyo, si Borneo. Sehemu zetu nyingi zina kiangazi kikali. Maeneo ya pwani na ya kaskazini hupata masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Maeneo ya kati na ya kusini mwa Tanzania hupata msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Katikati ya misimu hiyo udongo hukauka na kuwa mgumu kama tofali.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa kiumbe asiyeyaona mawingu, dalili ni unyevu unaopenya udongoni na kumgusa ngozi, pamoja na chakula kinachoongezeka ghafla karibu yake. Hiyo ndiyo saa yake.

Yai linalokunywa maji

Ili kuelewa kwa nini unyevu una uzito mkubwa kiasi hicho, ni lazima tuliangalie yai lenyewe.

Yai la kuku lina ganda gumu, na maji yote yatakayohitajika na kifaranga yamo ndani. Mayai ya nyoka na ya mijusi wengi hayako hivyo. Ganda lake ni laini, mithili ya ngozi, na hupitisha maji. Likiwa katika udongo wenye unyevu, yai hunyonya maji kutoka nje, huvimba, na uzito wake huongezeka kadiri kiinitete kinavyokua.

Likiwa katika udongo mkavu, kinyume chake hutokea. Maji hutoka, yai husinyaa na kubonyea, na mtoto hufa au huanguliwa akiwa mdogo na dhaifu. Udongo ukijaa maji kupita kiasi, hewa haipiti na mtoto hukosa pumzi. Kwa hiyo mama hutafuta hali ya katikati, yaani udongo wenye unyevu lakini usiotuamisha maji. Hali hiyo haipatikani kila mwezi.

Sababu ya pili ni chakula. Kila mtu aliyekulia kijijini anajua kwamba mvua za kwanza huambatana na kumbikumbi. Kuruka kwao ni ishara ya nje tu ya shughuli kubwa iliyomo ndani ya kichuguu, ambamo mchwa wanafanya kazi na kulea mabuu karibu zaidi na uso wa ardhi. Mtoto wa nyoka kipofu anayeanguliwa wakati huo hukuta meza imeandaliwa.

Sababu ya tatu ni ya usafiri. Kusafiri katika udongo mkavu ni kazi ngumu, na kutambaa juu ya ardhi wakati wa jua ni hatari ya kukaukiwa maji. Mvua ikinyesha, udongo hulainika na usiku huwa na unyevu. Kwa kawaida dume la nyoka hulitafuta jike kwa kufuata harufu yake kwa ulimi. Usiku wa baada ya mvua ndio unaomfaa kwa safari hiyo, na ndiyo maana watu huwakuta hata uani na kwenye sakafu za nyumba.

Wanachojua wataalamu

Kumchunguza mnyama asiyeonekana ni kazi ngumu, na sehemu kubwa ya ujuzi uliopo haikutoka porini bali makumbusho. Vielelezo vilivyohifadhiwa ndani ya chupa, kila kimoja kikiwa na tarehe na mahali kilipopatikana, hupasuliwa na mayai yaliyomo hupimwa. Kwa kulinganisha ukubwa wa mayai na mwezi wa kukamatwa, mtafiti huweza kuchora kalenda ya uzazi.

Njia hiyo ndiyo iliyotumiwa na Jonathan Webb na Richard Shine wa Australia, pamoja na Bill Branch wa Afrika Kusini, ambao mwaka 2001 walichapisha uchunguzi kuhusu nyoka vipofu wa kusini mwa Afrika. Picha iliyopatikana ni ya uzazi wenye msimu, unaoangukia miezi ya joto na mvua, na jike kubwa hutaga mayai mengi zaidi kuliko dogo.

Njia hiyo ina kasoro moja ambayo msomaji anapaswa kuijua. Kwa kuwa nyoka hao huonekana zaidi wakati wa mvua, vielelezo vingi hukusanywa wakati huo, na miezi ya kiangazi huwakilishwa na vielelezo vichache.

Miongoni mwa nyoka vipofu, Afrotyphlops mucruso, anayepatikana pia Tanzania, ni mmoja wa wakubwa kabisa duniani, kwani hukaribia urefu wa mita moja. Jike lake linaweza kutaga kuanzia mayai manane hadi 60, na mayai hayo huanguliwa baada ya wiki tano au sita. Nyoka huyu akikuta mchwa wengi hula kwa wingi mno, kisha huhifadhi mafuta mwilini na kukaa muda mrefu bila kula.

Mafuta hayo ndiyo siri ya kuwahi msimu. Kutengeneza kiini cha yai kunahitaji nguvu nyingi. Jike lililoweka akiba halina haja ya kusubiri mvua ndipo lianze kutafuta chakula cha kutengenezea mayai. Mfano wake ni mkulima aliyehifadhi mbegu ghalani, ambaye mvua ikianza yeye tayari yuko shambani.

Kwa upande mwingine, nyoka-uzi hutaga mayai machache tu. Aina inayoitwa Leptotyphlops scutifrons hutaga mayai matatu hadi saba, marefu na membamba, yaliyoungana kama soseji.

Njia mbalimbali za kushinda ukame

Si wote wanaolikabidhi yai lao kwa udongo kwa wiki nyingi. Nyoka kipofu wa Afrika Kusini aitwaye Afrotyphlops bibronii hukaa na mayai tumboni hadi watoto wakaribie kukamilika. Akishayataga, mayai hayo yenye ganda jembamba huanguliwa baada ya siku tano au sita tu. Kwa njia hiyo, muda wa yai kuwa katika hatari ya kukauka, kufurika au kuliwa hupungua sana.

Wengine wameliacha yai kabisa. Nyoka mfupi mnene wa mchangani, Eryx colubrinus, anayeishi katika sehemu kavu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, huzaa watoto walio hai. Mwili wa mama ndio kiota, na mama anaweza kusogea kutafuta joto na unyevu unaofaa, jambo ambalo yai haliwezi kulifanya. Gharama yake ni kwamba mama hubeba mzigo kwa miezi kadhaa, na akiuawa, kizazi chote hufa pamoja naye.

Ya ajabu kuliko zote ni njia ya nyoka kipofu mdogo mwenye asili ya Asia, Indotyphlops braminus, ambaye leo anapatikana pia katika mwambao wa Afrika Mashariki. Urefu wake ni sentimita 15 hivi, na watu wengi hudhani ni mnyoo. Nyoka hao wote ni majike. Hutaga mayai machache yasiyorutubishwa na dume, na kila yai hutoa jike jingine linalofanana na mama yake.

Kwa sababu hiyo, nyoka mmoja tu aliyejificha katika udongo wa chungu cha maua anatosha kuanzisha ukoo mzima katika nchi mpya. Ndivyo alivyoenea duniani, akisafirishwa na watu pamoja na mimea yao. Hana haja ya kumtafuta mwenzi usiku wa mvua. Hata hivyo, yai lake bado linahitaji udongo wenye unyevu, na mabuu anayokula bado yanapatikana kwa wingi mahali penye maji. Bustani inayomwagiliwa kila siku imempa masika yasiyokwisha.

Mvua zinapobadili ratiba

Kalenda inayotegemea mvua ina udhaifu wake. Inafaa maadamu mvua yenyewe inaaminika.

Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, sehemu kubwa za kaskazini na mashariki mwa Kenya, kusini mwa Ethiopia na Somalia zilikosa mvua za kutosha kwa misimu mitano mfululizo. Kisha, kati ya Oktoba na Desemba 2023, mvua kubwa zilizoambatana na El Nino zilisababisha mafuriko katika maeneo yale yale.

Madhara kwa binadamu na mifugo yaliandikwa sana. Ya walio chini ya ardhi hayakuandikwa, lakini kwa yale tuliyokwisha kuyaeleza, si vigumu kuyafikiria. Mvua ya siku mbili inayofuatwa na jua la wiki tatu huweza kumfanya jike litage, kisha mayai yakakauka. Mvua ya gharika huweza kuyazamisha. Jike lililokosa mchwa kwa msimu mzima halina mafuta ya kutengenezea mayai ya msimu unaofuata.

Aidha, viumbe hawa hawawezi kuhama haraka. Baadhi yao wanajulikana katika milima michache tu. Nyoka kipofu wa Uluguru alielezwa na Thomas Barbour na Arthur Loveridge mwaka 1928, na kupatikana kwake tena kuliripotiwa mwaka 2004. Kwa miongo mingi hakuna aliyeweza kusema kama bado yupo. Mnyama wa namna hiyo anaweza kutoweka bila mtu yeyote kugundua.

Jembe na kiota

Mkulima hapaswi kulaumiwa kwa kulima wakati wa mvua, kwani naye ana kalenda ile ile. Lakini yapo mambo machache anayoweza kuyafanya bila gharama yoyote.

Kwanza, akifukua mayai meupe, laini na marefu kidogo, ayaache yalivyolala na kuyafunika kwa udongo ule ule. Mayai ya watambaazi si kama ya kuku ambayo hugeuzwa mara kwa mara. Kiinitete kikishajishikiza kwenye ganda, kuligeuza yai kunaweza kukiua. Iwapo ni lazima kuyahamisha, upande uliokuwa juu ubaki juu.

Pili, akumbuke kazi ya viumbe hawa. Nyoka kipofu mmoja hula mabuu mengi ya mchwa na sisimizi. Mkulima anayelalamika kwamba mchwa wamekula mahindi na nguzo za nyumba, kisha akamuua anayewala mchwa hao, anajifukuzia mlinzi aliyekuwa akifanya kazi bila mshahara.

Tatu, na hili ni la usalama wake mwenyewe, asimshike kwa mkono nyoka yeyote mweusi au wa kahawia iliyokoza anayetoka ardhini. Nyoka wa jamii ya Atractaspis, ambao wapo Afrika Mashariki na hutoka usiku baada ya mvua kama wengine, hufanana sana na nyoka wasio na sumu. Meno yao ya sumu ni marefu, na huweza kuchomoza pembeni hata mdomo ukiwa umefumbwa. Kwa hiyo ile mbinu ya kumshika nyoka nyuma ya kichwa haifai kwao hata kidogo.

Kuumwa na nyoka huyo husababisha maumivu makali na uvimbe, na hakuna dawa maalumu inayotengenezwa dhidi ya sumu yake. Aliyeumwa avue pete na bangili, asichanjwe wala kufungwa kamba, na apelekwe hospitali bila kuchelewa. Wazazi wawaonye watoto, ambao hupenda kuchezea kila kinachofanana na mnyoo.

Njia iliyo salama kwa pande zote mbili ni moja tu, nayo ni kumwacha apite. Asukumwe kwa fimbo ndefu au achotwe kwa koleo hadi pembeni mwa shamba. Ikiwa ni nyoka kipofu au amfisbena, hana nia ya kumuuma mtu. Ikiwa ni mwenye sumu, umbali huo ndio kinga bora.

Mvua zitakapoanza tena, ardhi italainika, kumbikumbi wataruka, na ndumakuwili atatoka kufuata ratiba aliyoirithi kwa wazazi wake. Hatakuwa amekuja kuuma kwa pande zote mbili. Atakuwa amekuja kufanya kile kile kilichomleta mkulima shambani, yaani kuwahi msimu ili mwakani wawepo wengine.